Jarida la Kiswahili na Wasomaji Wake: Kutoka Taarifa ya Kamati hadi Uwanja wa Kimataifa

Utangulizi

Mwanafunzi akienda maktaba akaomba juzuu za zamani za jarida liitwalo Kiswahili, la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, atakutana na hesabu isiyolingana na jina. Juzuu ya kwanza kubeba jina hilo ni ya mwaka 1970, nayo haikupewa namba 1 bali namba 40. Ile ya mwaka 1969, iliyoitwa Swahili, ni ya 39. Akizidi kurudi nyuma atakuta Juzuu 27 ya mwaka 1957 chini ya jina jingine, na mwisho wa rafu atafika mwaka 1930, kwenye taarifa ya kiofisi ya kamati iliyoundwa na serikali za kikoloni. Majina yamebadilika, makao yamehama kutoka mji hadi mji, wahariri wamekuja na kuondoka. Namba peke yake hazikuanzwa upya.

Historia ya majarida ya kitaaluma barani Afrika husimuliwa aghalabu kwa namna moja: jarida huanza likiwa dogo na la nyumbani, likasomwa na wachache, kisha likakua hadi likafika ng'ambo. Mhadhara huu unaonyesha kwamba masimulizi hayo hayalifai jarida la Kiswahili. Jarida hili lilizaliwa likiwa na lugha ya kimataifa, wahariri wa kigeni na wasomaji waliotawanyika katika nchi nne na Ulaya. Lililokosa ni wenyeji. Ukuaji wake mgumu zaidi haukuwa wa kutoka nje ya Afrika Mashariki, bali wa kuingia ndani. Kwa hiyo maswali yanayoongoza mhadhara ni mawili: jarida lilimwandikia nani, na lilimwandikia kwa lugha gani?

Kamati na Taarifa yake

Chimbuko la jarida ni elimu ya shule. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza walijikuta wakitawala Kenya, Uganda, Zanzibar na Tanganyika, na katika nchi hizo Kiswahili kiliandikwa kwa tahajia zilizotofautiana kutoka misheni hadi misheni. Kitabu kilichopigwa chapa kwa ajili ya shule za Tanga hakikuwa na hakika ya kukubaliwa Mombasa. Mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam Oktoba 1925 ulipendekeza lugha hiyo isanifishwe. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ambao Profesa Carl Meinhof wa Hamburg alihudhuria, ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji. Tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya nchi hizo nne ikaanza kazi rasmi, Frederick Johnson akiwa Katibu wake wa kwanza.

Ikumbukwe kwamba Kamati hiyo haikuwa chama cha wataalamu wa isimu. Wakurugenzi wa Elimu wa nchi nne walikuwa miongoni mwa wajumbe wake, pamoja na wamisionari, na katika miaka ya mwanzo hapakuwa na Mwafrika hata mmoja aliyeketi kikaoni. Waafrika waliingia katika miaka ya 1940. Kazi yake ilikuwa ya vitendo: kusawazisha tahajia na sarufi, kutunga kamusi, kusoma miswada ya vitabu vya kiada na kuipa idhini au kuikataa, na kuwatia moyo waandishi. Taarifa iliyoanza kutolewa mwaka 1930 ilikuwa kumbukumbu ya kazi hiyo. Aliyeisoma alikuwa mwalimu mkuu aliyetaka kujua kitabu kipi kimepitishwa, au kasisi aliyetaka kujua neno fulani liandikwe vipi.

Kamusi za Johnson ndizo zilizoipa Kamati heshima ya kudumu. Ile ya Kiswahili kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1935. Zile za Kiswahili na Kiingereza, zilizojengwa juu ya kazi ya awali ya Madan, zilitoka mwaka 1939, miaka miwili baada ya Johnson mwenyewe kufariki. Taarifa haikuwa na heshima kama hiyo, wala haikuitafuta.

Hapa inafaa kuiweka Taarifa kando ya gazeti jingine la zama zake. Mambo Leo lilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1923, nalo lilikuwa la Idara ya Elimu ya Tanganyika. Idara iliyochapisha Mambo Leo ndiyo iliyokuwa na kiti katika Kamati. Lakini Mambo Leo liliandikwa kwa Kiswahili, likasomwa na makarani, walimu na watu wa pwani na bara, na katika kurasa zake washairi walijibizana. Shaaban Robert ni mmoja wa waliotumia uwanja huo mapema. Taarifa iliandikwa kwa Kiingereza, ikazungumza juu ya lugha ya watu hao bila kuzungumza nao. Wizani huo kati ya machapisho mawili, moja linaloitumia lugha na moja linaloichunguza, ulikaa kwa miaka 40 bila kutikiswa.

Mjadala ulikokwenda

Kama Taarifa ilikuwa ya kimataifa kwa lugha na wahariri, haikuwa bado uwanja wa mijadala mikubwa. Ushahidi wa wazi ni mabishano ya mwaka 1930 na 1931 juu ya namna Kiswahili Sanifu kinavyopaswa kuwa. Karl Roehl, mmisionari Mjerumani aliyekuja kujulikana kwa tafsiri yake ya Biblia, alishikilia kwamba Kiswahili kilichoandikwa kimeelemewa na maneno ya Kiarabu na kwamba kirudishwe karibu na Kibantu. G. W. Broomfield wa misheni ya UMCA alimjibu kwamba lugha haiwezi kuondolewa historia yake kwa amri, na kwamba maneno yaliyokwisha kuota mizizi ni ya Kiswahili kama mengine yote. Hoja ya Broomfield ndiyo iliyoshinda kwa vitendo, na kila anayeandika leo kitabu, elimu au habari anaishi ndani ya ushindi huo.

Lakini mabishano hayo hayakufanyika katika Taarifa ya Kamati. Yalifanyika katika Africa, jarida lililoanzishwa London mwaka 1928. Wanazuoni wa Lamu, Mombasa na Unguja, waliosoma Kiarabu na kutunga Kiswahili, ndio waliokuwa na ujuzi wa kutosha wa kusema neno la Kiarabu limekuwa la Kiswahili lini na kwa njia gani. Hawakuulizwa. Si kwa sababu walikuwa mbali na somo, bali kwa sababu jarida lilikuwa mbali nao.

Hali hiyo ilikuwa na mizizi mirefu. Maandishi mengi ya Kiswahili yalikwisha kuchapishwa Ulaya kabla ya Kamati kuzaliwa. C. G. Büttner alikuwa na jarida la lugha za Kiafrika Berlin kuanzia mwaka 1887, na Chuo cha Lugha za Mashariki cha mji huo kikaanza kutoa majarida yake mwaka 1898. Humo ndimo Heinrich Brode alimochapisha, mwaka 1902 na 1903, maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kama yeye mwenyewe alivyoyaandika kwa Kiswahili. Humo ndimo ulimochapishwa pia, mwaka 1933, utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi juu ya Vita vya Maji Maji. Mtoto wa Lindi aliyetaka kuusoma utenzi ulioandikwa mjini kwake ilimpasa asafiri hadi Berlin, au angalau ajue Kijerumani cha kutosha kuagiza.

Makerere, na kurudi kwa maandishi

Kamati ilihamia Nairobi mwaka 1942, na mwaka 1952 ikahamia Makerere, Kampala. Uhamisho wa pili ndio uliobadilisha jarida. Si kwamba Kampala ni mji wa Kiswahili. Kinyume chake, Uganda ndiko Kiswahili kilikokuwa na maadui wengi kuliko kokote, na kuna kichekesho kidogo katika kuona kamati ya lugha hiyo ikikaa katikati ya Buganda. Lakini Makerere kilikuwa chuo. Kwa mara ya kwanza Kamati iliishi mahali ambapo utafiti ulikuwa kazi na si burudani ya ofisa baada ya saa za ofisi.

Katika miaka hiyo ya 1950 Taarifa ikageuka Jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, na baadaye likaitwa Swahili. Wilfred Whiteley, aliyekuwa Katibu, alikuwa mwanaisimu, naye alifungua mlango ambao Kamati ya mwaka 1930 isingeufungua. Chombo kilichoundwa ili tofauti za lahaja zisisumbue shule kikaanza kuchapisha uchunguzi wa lahaja hizo hizo: Kimtang'ata mwaka 1956, lahaja na mashairi ya Pemba mwaka 1958, vyote kwa kalamu ya Whiteley, Kivumba, Chijomvu, Kingare na Chichifundi kwa kalamu ya H. E. Lambert, kati ya mwaka 1957 na 1958. Kwa mtafiti wa leo, vijitabu hivyo ni hazina. Baadhi ya lahaja zilizoelezwa humo zimepungua wasemaji, na mmojawapo wa washindani waliozipunguza ni Kiswahili Sanifu chenyewe, mtoto wa Kamati.

Jambo la pili la kipindi cha Makerere ni nyongeza za jarida. Pamoja na toleo la kawaida, Kamati ilianza kutoa maandishi kamili ya Kiswahili yenye tafsiri ya Kiingereza ubavuni. Utenzi wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy juu ya vita vya pwani dhidi ya Wajerumani ulitoka mwaka 1955 kwa uhariri na tafsiri ya J. W. T. Allen. Utenzi wa Vita vya Maji Maji ulitoka kama nyongeza ya Juzuu 27, Juni 1957, kwa tafsiri ya Whiteley. Maisha ya Tippu Tip yalifuata kama nyongeza ya Juzuu 28, toleo la pili, Julai 1958, na Juzuu 29, toleo la kwanza, Januari 1959. Namba hizo zenyewe zinasema jambo: jarida lililokuwa likitoa karibu juzuu moja kwa mwaka sasa lilikuwa na matoleo mawili.

Orodha hiyo inastahili kutazamwa mara ya pili. Maandishi mawili kati ya matatu ni yale yale yaliyokwisha kuchapishwa Berlin. Yamerudi. Yametoka Lindi na Unguja, yakapita Ujerumani kwa Kijerumani, yakakaa huko miaka 24 kwa utenzi na zaidi ya nusu karne kwa Tippu Tip, kisha yakarejea Kampala kwa Kiingereza. Hata hivyo mara hii Kiswahili chao kilisimama ukurasani karibu na nyumbani, na mwalimu wa Tanga au Zanzibar aliweza kukinunua. Wanahistoria wa Maji Maji walioandika miaka ya 1960 na baada ya hapo walipata sauti ya Abdul Karim kwa njia ya nyongeza hiyo. Pasingekuwa na nyongeza, pengine wangemfahamu kama rejeo dogo la chini ya ukurasa.

Shaaban Robert naye alikuwa mjumbe wa Kamati katika miaka yake ya mwisho. Kuwapo kwake hakukubadili lugha ya jarida, iliyobaki Kiingereza kwa sehemu kubwa, lakini kulivunja mpaka uliokuwapo baina ya anayechunguzwa na anayechunguza. Ni haki kusema kwamba mpaka huo ulivunjwa kidogo tu.

Kiambishi kilichorudi

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Kamati ilihamia Mombasa kwa muda mfupi, kisha Dar es Salaam. Mwaka 1964 ikageuzwa Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili ndani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam cha wakati huo. Baada ya Azimio la Arusha na sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi Tanzania, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa mwaka huo huo. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikasimama peke yake, Idara ya Kiswahili ikaanzishwa humo na kuanza kufundisha kwa Kiswahili hadi ngazi ya shahada, na jarida likapata jina lake la sasa.

Kutoka Swahili hadi Kiswahili ni silabi moja. Silabi hiyo ina uzito. Kwa kanuni ya ngeli, shina -swahili halisimami lenyewe. Hupata maana kwa kiambishi chake, M- kwa mtu, U- kwa nchi au hali, Ki- kwa lugha. Anayesema "Swahili" kwa maana ya lugha anasema Kiingereza, hata kama haoni. Jarida lililochunguza sarufi ya ngeli kwa miaka 40 lilikuwa limebeba jalada lisilofuata ngeli. Waliorudisha kiambishi hicho walifanya kazi ya kisarufi na ya kisiasa kwa pamoja, na hawakuhitaji ilani.

Kubadili jina ni rahisi kuliko kubadili lugha ya makala. Mtu aliyetaka kuandika juu ya muundo wa sentensi kwa Kiswahili mwaka 1970 hakuwa na istilahi za kutosha. Neno isimu, lenye asili ya Kiarabu na maana ya jina, lilipewa kazi mpya ya kutaja taaluma nzima. Kenya baadhi ya wataalamu walipendelea lughawiya, na maneno hayo mawili yaliishi bega kwa bega kwa muda mrefu. Kirai, kishazi, kiima, mofimu, fonimu: kila moja ilibidi ipendekezwe na mtu, ipingwe na mwingine, ijaribiwe darasani, kisha ikubaliwe au iachwe. Kazi hiyo haikufanyika katika vikao peke yake. Ilifanyika katika makala, kwa sababu neno la kitaaluma hukomaa pale mwandishi wa pili anapolitumia bila kulieleza.

Ndipo umuhimu wa jarida dogo la Taasisi, Mulika, unapoonekana. Mulika lilianzishwa mwaka 1971, mwaka mmoja tu baada ya kubadilishwa kwa jina la jarida kubwa, nalo liliandikwa kwa Kiswahili na kulenga walimu na wanafunzi. Baraza la Kiswahili la Taifa nalo lilikuwa na Lugha Yetu. Kwa miaka mingi mgawanyo ulikuwa hivi: hoja nzito zilizokusudiwa kwa wataalamu wa dunia zilikwenda katika Kiswahili, mara nyingi kwa Kiingereza, hoja zilizokusudiwa kwa walimu zilikwenda katika Mulika kwa Kiswahili. M. M. Mulokozi, kwa mfano, alichapisha katika Kiswahili Juzuu 45 (1975) na Juzuu 49 (1982) makala mbili za Kiingereza juu ya mapinduzi na upinzani katika ushairi wa Kiswahili, ambazo zilisomwa sana ng'ambo. Mwaka 1989 akachapisha katika Mulika 21 makala ya Kiswahili, "Tanzu za Fasihi Simulizi". Makala hii ya mwisho itarejewa baadaye.

Miaka ya karatasi

Namba za makala hizo mbili za Kiingereza zinaeleza habari nyingine. Kati ya 1970 na 1975 jarida lilitoka Juzuu 40 hadi 45, sawasawa na miaka. Kati ya 1975 na 1982 lilitoka 45 hadi 49: juzuu nne kwa miaka saba. Aliyeishi Tanzania wakati huo hahitaji kuelezwa sababu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vikafuata mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta ikapanda, fedha za kigeni zikakosekana, na karatasi, wino na vipuri vya mitambo ya kupigia chapa ni vitu vinavyonunuliwa kwa fedha za kigeni.

Jarida linalochelewa hupoteza zaidi ya muda. Maktaba ya ng'ambo iliyolipia mwaka na isipokee kitu husita kulipia mwaka unaofuata. Mwandishi anayesubiri miaka mitatu kuona makala yake hupeleka ya pili kwingine. Mjadala hufa, kwa kuwa jibu linapotoka swali limekwisha kusahauliwa. Hata hivyo ni katika miaka hiyo hiyo ya dhiki Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu (1981) na juzuu za makala za Semina ya Kimataifa ya Waandishi wa Kiswahili (1983). Inaonekana nguvu chache zilizokuwapo zilielekezwa kwenye vitabu. Uamuzi huo unaweza kutetewa: shule zilihitaji kamusi kuliko wataalamu walivyohitaji toleo la pili la mwaka.

Wakati huo uwanja wa ng'ambo haukukaa mtupu. Wataalamu wa Kiswahili wa Ujerumani na wenzao kutoka Afrika Mashariki walikuwa wakikutana Bayreuth kila mwaka tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1994 Rose Marie Beck, Thomas Geider na Werner Graebner walianzisha Swahili Forum ndani ya mfululizo wa makala za Afrika wa Chuo Kikuu cha Köln. Toleo la 10, la mwaka 2003, liliondoka katika mfululizo huo na kusimama lenyewe, na makala zikawekwa kwenye intaneti bila malipo. Swahili Forum lilipokea makala kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Mtu anaweza kuona hapa Berlin ya mwaka 1902 ikirudi, na kuna ukweli kidogo katika hofu hiyo. Lakini tofauti ni kubwa. Mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret mwenye kompyuta hupata makala ya Swahili Forum kwa dakika chache, wakati juzuu ya Kiswahili iliyopigwa chapa Dar es Salaam inaweza kumchukua miezi kuipata. Umbali hauhesabiwi tena kwa maili.

Majarida ya Afrika yenyewe yalianza kuvuka pengo hilo. Mradi wa kuyaweka majarida ya Kiafrika kwenye intaneti ulianza mwaka 1998 ukisimamiwa kutoka Uingereza, na mwaka 2005 usimamizi ukahamishiwa Afrika Kusini. Mwaka 2009 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili na Idara ya Kiswahili ziliunganishwa kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam baadaye kikafungua tovuti ya majarida yake. Kenya, Chuo Kikuu cha Moi kilikuwa na Mwanga wa Lugha. Dar es Salaam kulikuwa pia na Kioo cha Lugha. Kiswahili halikuwa peke yake tena, na hilo ni jema kwake.

Faharasa na ikisiri

Neno "kimataifa" lilibadilika maana katika miaka hii bila tangazo. Zamani jarida la kimataifa lilikuwa lile linalosomwa na kuandikiwa na watu wa mataifa mengi. Tangu Eugene Garfield wa Philadelphia alipotoa faharasa yake ya marejeo ya sayansi mwaka 1964, na hasa tangu kampuni ya Elsevier ilipoanzisha Scopus mwaka 2004, jarida la kimataifa limekuwa lile lililomo katika orodha. Vyuo vikuu vingi, vya Afrika vikiwamo, hupima wahadhiri wao kwa makala zilizomo humo. Mhadhiri wa Kiswahili anayetaka kupandishwa cheo hulazimika kufikiri si juu ya msomaji wake tu bali juu ya orodha.

Masharti ya Scopus kwa jarida linaloomba kuingizwa ni mengi, na mengi yana busara: jarida litoke kwa wakati, makala zisomwe na wataalamu wengine kabla ya kuchapishwa, bodi ya wahariri iwe na sifa. Haya ni mambo ambayo mhariri yeyote angependa kuyafuata hata asipoulizwa. Mawili yanahusu lugha. Jarida liwe na ikisiri kwa Kiingereza, na marejeo yaandikwe kwa hati za Kirumi. Sharti la pili Kiswahili hulitimiza bila jasho, na ni ajabu kufikiri kwamba hilo ni tunda la mbali la uamuzi wa wakoloni wa kuacha hati za Kiarabu shuleni. Hati za mkono ambazo J. W. T. Allen na wenzake walikusanya pwani, na ambazo orodha yake ilichapishwa mwaka 1970, zisingepita katika sharti hilo; mtafiti anayezitaja lazima kwanza azigeuze herufi.

Ikisiri ya Kiingereza ni jambo dogo likitazamwa peke yake. Ni maneno 200 tu. Wengi wa wahariri wa majarida ya Kiswahili wameikubali, na hawakukosea: mtaalamu wa lugha za Kibantu aliyeko Japani au Brazili ana haki ya kujua makala inahusu nini kabla ya kutafuta wa kumsaidia kuisoma. Hatari haipo katika ikisiri. Ipo katika hesabu anayoifanya mwandishi kijana, kwamba kama ikisiri ya Kiingereza ndiyo itakayosomwa na mizani ya cheo, basi makala nzima na iwe ya Kiingereza. Hapo jarida linaweza kujikuta limerudi mwaka 1930, lugha ikichunguzwa kwa lugha nyingine mbele ya wasomaji ambao si wenyewe, safari hii bila mkoloni wa kulaumiwa.

Wapo wanaojibu kwamba isimu ni sayansi, na sayansi haina lugha ya kwao. Jibu hili lina nguvu katika fonolojia, ambako data ya Kiswahili inatumika kupima nadharia zinazohusu lugha zote. Lina nguvu ndogo katika fasihi na katika ufundishaji. Makala juu ya vina na mizani iliyoandikwa kwa Kiingereza hutumia nusu ya nafasi yake kueleza kile ambacho msomaji wa Kiswahili anakijua tangu darasa la tano, na hufika kwenye hoja ikiwa imechoka.

UNESCO ilipoitangaza, Novemba 2021, tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, hoja ya wasomaji wa dunia iliongezewa uzito: sasa wako watu wengi nje ya Afrika Mashariki wanaojifunza Kiswahili na wanaoweza kusoma makala ya Kiswahili moja kwa moja. Kwa mara ya kwanza tangu Büttner, msomaji wa Berlin na msomaji wa Lindi wanaweza kusoma ukurasa mmoja kwa lugha moja, na lugha hiyo isiwe ya Berlin.

Inabaki makala ya Mulokozi ya mwaka 1989. "Tanzu za Fasihi Simulizi" iligawa fasihi simulizi ya Kiafrika katika tanzu sita: mazungumzo, masimulizi, maigizo, ushairi, semi na ngomezi. Iliandikwa kwa Kiswahili, katika jarida dogo lililokusudiwa kwa walimu, katika miaka ambayo karatasi ilikuwa adimu. Mgawanyo huo umeingia katika vitabu vya shule za sekondari, umejadiliwa na kurekebishwa katika tasnifu za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, na neno ngomezi, la ujumbe unaopelekwa kwa mlio wa ngoma, hutumiwa na wanafunzi ambao hawajui lilitokea kwenye kurasa zipi. Faharasa za kimataifa huhesabu marejeo yaliyomo katika majarida yaliyoingizwa humo tu. Tasnifu ya Kiswahili iliyopigwa chapa nakala nne na kuwekwa maktaba haimo, wala kitabu cha kidato cha tatu hakimo. Katika mizani hiyo, makala inayofahamika kwa walimu wa Kiswahili kutoka Bukoba hadi Lamu ina uzito unaokaribia sufuri.